Rekodi za shoo laivu: namna ya kuzitafuta, kurekodi, kutunza na kushea bila kuziharibu

Habari za mda huu wadau. Nimekuwa nikikusanya rekodi za shoo kwa miaka mingi na kila mara kuna mtu ananiuliza aanzie wapi, kwahiyo leo nimekaa chini niandike yote mwanzo mpaka mwisho. Sizungumzii albamu za laivu zinazotolewa na kampuni zikiwa zimeshanyooshwa studio, nazungumzia zile ambazo shabiki kasimama ukumbini na maiki yake, au fundi mitambo kachukua sauti kwenye mixa (ile meza ya kuchanganyia sauti), au mtu kakaa nyumbani akainasa shoo ikirushwa redioni, alafu zikatembea mkono kwa mkono bila mtu kulipwa hata senti.

Kitu kimoja nakisema mapema maana hatua zote zinakirudia: rekodi bila maelezo yake imeshapotea nusu. Zamani jamaa mmoja alinipa CD imeandikwa kwa maka peni LAIVU KALI SANA, basi, hamna tarehe, hamna ukumbi. Na kweli ilikuwa kali. Ilinichukua karibu wiki mbili kujua ni shoo gani, nikakaa na hedifoni nikiandika mpangilio wa nyimbo, nikaulinganisha na orodha za ziara nzima kule setlist.fm, tovuti ya orodha za nyimbo za shoo, zikabaki shoo tatu zenye mpangilio ule ule, na kilichoniokoa ni kwamba kati ya wimbo wa sita na wa saba muimbaji anawaambia watu poleni na mvua. Nikatafuta kati ya yale majiji matatu lipi lilinyeshewa siku hiyo, likapatikana moja tu. Wiki mbili nzima kwa kitu ambacho aliyerekodi angekiandika kwa sekunde 20.

Hatua ya 1: jua ulichoshika

Utakutana na vifupisho kila mahali. AUD ni rekodi ya maiki iliyokuwa upande wa watazamaji. SBD imetoka moja kwa moja kwenye mixa. FM ilirushwa redioni. Matriki ni AUD na SBD za shoo moja zimechanganywa pamoja.

Wengi wakianza wanadhani SBD ndo bora siku zote, hapana. Kwenye ukumbi mdogo ampu za gitaa na ngoma zenyewe tayari zinapiga kelele za kutosha jukwaani, kwahiyo fundi hana haja ya kuzipitisha sana kwenye spika kubwa, na ukichukua sauti ya mixa unakuta muimbaji yuko juu kama anakunong'oneza sikioni, gitaa liko mbali huko, na watu hawasikiki kabisa. Mimi binafsi AUD nzuri ya ukumbi mdogo naichagua kuliko SBD, unasikia chumba, unasikia watu wanavyoitikia kiitikio. Kwenye uwanja mkubwa mambo yanageuka, kule kila chombo kinapita kwenye mixa alafu upepo unaisumbua sauti ya spika, hapo SBD inashinda.

Matriki ndo tamu kuliko zote ikifanywa na mtu mvumilivu. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo maiki iliyo mita 30 kutoka kwenye spika inasikia kila kitu kikiwa kimechelewa karibu milisekunde 90 ukilinganisha na mixa, na ukiunganisha bila kusogeza unapata mwangwi mbaya. Alafu kuna ishu ya pili ambayo watu hawaijui, saa za ndani za rikoda mbili hazilingani sawasawa, unaweza kuzipanga vizuri mwanzoni mwa shoo na baada ya saa moja zimeshaachana tena. Inabidi uinyooshe moja taratibu mpaka ifuatane na mwenzake.

Hatua ya 2: jua msanii anasemaje

Hii usiiruke. Kuna wasanii wanaruhusu kurekodiwa na kuna wasiotaka kabisa, na sheria iko upande wao. Marekani toka 1994 kuna sheria ya taifa inayokataza kurekodi na kusambaza onyesho la muziki bila ridhaa ya wanaotumbuiza, na Mkataba wa Roma wa 1961 unalinda haki za watumbuizaji kwenye nchi zilizouridhia. Kwahiyo kabla ya kubeba rikoda soma tovuti ya msanii, au waandikie menejimenti yake kwa ufupi na heshima, wakikubali tunza lile jibu.

Wanaoruhusu wapo wengi tu. Bendi ya Grateful Dead ya Marekani waliwavumilia mashabiki wenye rikoda kwa miaka, alafu mwaka 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao nyuma ya mixa na tiketi zao maalum, maana msitu wa stendi za maiki ulikuwa umeanza kuziba watu wengine. Bendi ya Phish wakafuata njia hiyo hiyo. Pearl Jam nao mwaka 2000 wakaja kivyao, wakatoa wenyewe CD za shoo karibu zote za ziara yao, ili shabiki anayetaka kumbukumbu ya usiku aliokuwepo aipate kwao.

Ila hata ruhusa ina mipaka na inaweza kubadilika. Mwishoni mwa Novemba 2005 rekodi za Grateful Dead zilizokuwa Internet Archive, ile maktaba ya bure ya mtandaoni, ziliondolewa kwenye kupakuliwa, mashabiki wakalalamika sana, na baada ya siku chache ikaamuliwa AUD zirudi kupakuliwa kama kawaida na SBD zibaki za kusikiliza tu palepale. Mpaka leo ndo hivyo. Funzo kwa mkusanyaji ni dogo lakini la maana: ruhusa ya AUD sio ruhusa ya SBD, na shoo ikitolewa rasmi, acha kuisambaza, nunua.

Na kuuza, hapana. Hata kama ni kurudisha hela ya CD tupu, hapana. Mtu anayeuza rekodi za mashabiki ndo anayefanya wasanii wafunge milango kwa sisi wote.

Hatua ya 3: kuzipata

Zamani ilikuwa kaseti. Unamtumia mtu kaseti tupu pamoja na stempu za kurudishia, anakopia, anakutumia. Au mnafanya mti: mwenye tepu ya kwanza anawakopia watu watano, kila mmoja wao anawakopia watano wengine, na kuendelea chini hadi majani. Tatizo la mti wa kaseti ni kwamba kila kopi inaongeza mchuzo wa shhhh na kupunguza sauti nyembamba za juu, ndo maana watu walikuwa wanahesabu vizazi, na aliyekuwa na kopi ya kizazi cha kwanza alikuwa kama mfalme.

Dijitali iliua vizazi, mradi usitumie MP3, maana hiyo inapunguza faili kwa kutupa sehemu ya sauti. Mwaka 1998 likaanzishwa kundi la etree kwa ajili ya kubadilishana rekodi kwenye intaneti bila kupunguza ubora, wakati huo wakitumia faili za Shorten, alafu FLAC ikatoka 2001 na ndo tunayoitumia mpaka sasa. FLAC inabana faili ya WAV (sauti isiyobanwa) ikawa kama nusu au zaidi kidogo ya ukubwa wake, na ukiifungua unapata kila kitu kama kilivyokuwa. Mwaka 2002 etree na Internet Archive wakaanzisha Live Music Archive, pale kuna wasanii waliokubali tu, hamna wasiwasi wa sheria, hamna kujisajili ili kusikiliza, na kwa anayeanza namshauri aanzie hapo kabla ya kwenda kwenye torenti, ambako watu wanapeana vipande vya faili kompyuta kwa kompyuta.

Ushauri wangu wa kuanza: chagua msanii mmoja, chagua ziara moja, basi. Usidanlodi shoo 300 kwa wikiendi moja, hutazisikiliza. Na shoo moja inaweza kuwa na rekodi nne tofauti za watu wanne waliosimama sehemu nne, kwahiyo chukua wimbo ule ule mmoja kutoka kila rekodi, usikilize mfululizo kwa hedifoni, na utajua ya kubaki nayo. Chagua wimbo wenye sehemu ya taratibu na sehemu ya fujo, kwenye taratibu utasikia kama kuna watu wanapiga stori karibu na maiki, kwenye fujo utasikia kama besi inapasuka.

Hatua ya 4: kagua kabla ya kuweka kwenye maktaba

Folda nzuri inakuja na vitu vitatu: faili za FLAC, faili ya maandishi yenye maelezo, na faili ya md5 au ffp. Hizo md5 na ffp ni namba ndefu zilizopigwa hesabu kutoka kwenye faili zenyewe, ikibadilika hata biti moja namba inakuwa nyingine kabisa. Tumia Trader's Little Helper kama uko Windows au xACT kama uko Mac, bonyeza ihakiki, ikikataa faili moja danlodi hiyo moja upya.

Alafu fungua wimbo mmoja kwenye programu ya Spek uone picha ya sauti yake. Kuna watu wanachukua MP3 wanaigeuza FLAC, wengine hata hawajui wamefanya kosa, na MP3 ya kbps 128 unaikuta imekatwa kama kwa kisu kwenye kHz 16, juu ya hapo ni giza tupu. Ila jamani msikimbilie kumtukana mtu. Redio ya FM ya stirio yenyewe inaishia kHz 15, na kaseti ya zamani inafifia huko juu, kwahiyo rekodi halali ya FM itaonekana imekatwa pia. Soma kwanza maelezo ndo uhukumu, na ukiona kweli ni MP3, mwandikie aliyeiweka kwa upole.

Hatua ya 5: kurekodi mwenyewe

Hapa ndo penye raha. Rikoda ndogo ya mkononi kama Zoom au Tascam inatosha kabisa kuanzia, simu tumia kama hamna njia nyingine. Kabla ya kutoka nyumbani weka betri mpya na ubebe nyingine, futa memori kadi, na seti hivi: WAV, biti 24, kHz 48. Hiyo inakula kama GB 1 kwa saa, kwahiyo shoo ya saa tatu ni GB 3 na kidogo. Rikoda nyingi zinakata faili ikifika GB 2 au 4 na kuanza nyingine, usishtuke, ukiziunganisha baadae hamna kinachopotea.

Zima ile seti ya kujirekebisha sauti yenyewe. Nasema tena, izime. Ikiwa imewashwa kila ngoma inapopiga sauti yote inashuka alafu inapanda taratibu, shoo nzima inahema kama mtu aliyekimbia ngazi, na hamna programu itakayokuokoa. Weka geini (kiwango cha sauti inayoingia) kwa mkono, kilele kiwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Kumbuka msanii wa utangulizi huwa anapigwa chini kuliko msanii mkuu, kwahiyo ukiseti wakati wa utangulizi acha nafasi ya kutosha juu. Siku hizi kuna rikoda za biti 32 za float ambazo hazihitaji kuseti geini, ila hata hizo haziokoi maiki yenyewe ikizidiwa. Vimaiki vidogo vinavyopata umeme kutoka kwenye tundu la rikoda vinaweza kupasuka na besi kubwa hata kama mita inaonyesha kila kitu ni salama, hapo dawa ni kisanduku cha betri cha maiki au kusogea mbali na spika za besi.

Pa kusimama: katikati, karibu na mixa. Fundi anaipanga sauti kwa masikio yake pale pale, kwahiyo anachosikia yeye ndo unachokitaka. Ukikaa pembeni unapata spika moja tu, na ukikaa mbele kabisa muimbaji anapita juu ya kichwa chako unabaki na ngoma. Kama unaruhusiwa stendi, pandisha maiki juu ya vichwa vya watu. Kwa wenye maiki mbili, jaribuni mpangilio wa ORTF, sentimita 17 kati ya maiki na pembe ya nyuzi 110, ni karibu na umbali wa masikio yetu na unaleta upana mzuri. Ukumbi wenye mwangwi mwingi zibane zaidi zielekee spika.

Washa rikoda dakika tano kabla, usiizime mpaka taa zimewaka. Usipige makofi karibu na maiki, usiimbe, mwenzako akitaka kuongea msogee pembeni. Na nguo! Niliwahi kuweka maiki kwenye kola ya jaketi, shoo nzuri kupita kiasi, nyumbani nikakuta kila nikigeuza shingo kuna kishindo cha kitambaa kama mtu anaburuta gunia, dakika 110 zote. Toka siku hiyo maiki naibana mbali na kola na nasimama kama nguzo.

Bonasi: shoo ikiisha tu, kabla hujafika hata mlangoni, iambie rikoda kwa sauti yako tarehe, ukumbi, ulisimama wapi na umetumia nini. Hayo maneno yataishi ndani ya faili lenyewe hata karatasi ikipotea.

Hatua ya 6: nyumbani

Kwanza kopi faili za asili weka mahali na usiziguse tena maishani. Fanya kazi kwenye kopi. Programu ya Audacity inatosha: pandisha sauti kidogo kama iko chini, punguza makofi yaliyo karibu sana, kata nyimbo, basi. Usiipitishe kwenye kiondoa kelele, kinaondoa na hewa ya ukumbi, matoazi yanabaki kama yamezama majini. Na usibane sauti ili ionekane kubwa. Mtu wa baadae anaweza kuwa na vifaa bora kuliko vyako, muachie kitu cha kufanyia kazi.

Mnaotengeneza toleo la CD la biti 16 na kHz 44.1, kateni nyimbo kwenye mipaka ya sekta, yaani kila sampuli 588, ambayo ni sehemu moja ya 75 ya sekunde, la sivyo kati ya wimbo na wimbo unasikia kale kamlio ka tik. Trader's Little Helper inaweza kuwarekebishia.

Jina la folda: kifupi cha msanii, alafu mwaka, mwezi, siku. Kwa mfano gd1977-05-08. Ukiandika mwaka kwanza kompyuta inazipanga zenyewe kwa mfuatano, na mtu wa nchi nyingine hachanganyi siku na mwezi.

Faili ya maandishi iwe na hivi:

Msanii
Tarehe
Ukumbi, jiji, nchi
Chanzo: AUD, maiki gani, mpangilio gani, rikoda gani, biti na kHz
Nafasi: mita ngapi kutoka jukwaani, katikati au pembeni, urefu
Njia: kadi, kisha Audacity na ulichofanya, kisha FLAC
Orodha ya nyimbo
Kasoro: kwa mfano wimbo wa 4 umekatika sekunde 8 za mwanzo

Kasoro ziandike zote bila aibu.

Kwa wenye kaseti za zamani, safisha hedi za deki kwa spiriti, alafu rekebisha pembe ya hedi huku ukisikiliza mpaka sauti za juu zifunguke, hicho kiskrubu kidogo kinarudisha nusu ya uhai wa tepu. Kagua na spidi, deki nyingi za zamani zinakimbia au zinavuta, linganisha na kinanda kwenye rekodi sio gitaa, maana gitaa linaweza kuwa limelegezwa makusudi.

Hatua ya 7: kutunza

Kopi tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. CD za kuchoma zinakufa kimya kimya, ukiwa na maboksi yake zihamishie kwenye hadidisk mwaka huu. Mara moja kwa mwaka piga md5 tena uone kama bado zinalingana.

Ukitaka kujua kwanini nasisitiza, angalia hiyo hiyo gd1977-05-08. Ni shoo ya Grateful Dead ya tarehe 8 Mei 1977 ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, iliyorekodiwa na fundi wao Betty Cantor-Jackson. Tepu zake nyingi ziliishia kupigwa mnada pamoja na vitu vingine vya stoo, nje kabisa ya mikono ya bendi, na mashabiki ndo waliozihamisha, wakazikopi na kuzitembeza kwa miaka huku tarehe na ukumbi vikiwa vimeandikwa sawasawa. Ikaja kuingizwa kwenye sajili ya rekodi za taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na 2017 ikatolewa rasmi, miaka 40 baada ya usiku ule.

Hatua ya 8: kushea

Pandisha FLAC, maandishi na md5 kama vilivyo. Ukishea kwa torenti baki unatoa mpaka watu wengine kadhaa wafikishe asilimia 100, kuondoka mapema ni kuwaacha watu na vipande. Rekodi ya mtu mwingine usiibadilishe jina, usifute jina lake, ukiitengeneza upya andika chini ya maelezo yake ulichofanya, juu usiguse. MP3 tengeneza za simu yako, zisitoke nje. Msanii au menejimenti wakisema itoe, itoe siku hiyo hiyo.

Mtu mpya asiye na chochote cha kubadilishana mpe tu, usimdai rekodi. Mwambie na yeye atampa mwingine.

Na ukigundua baadae kwamba tarehe uliyoandika sio, usipandishe shoo nzima upya kama vile ni rekodi nyingine, hapo utawachanganya watu miaka na miaka. Toa faili ya maandishi mpya tu, andika juu kabisa MASAHIHISHO, taja tarehe ya zamani na mpya na umejuaje. Kwenye ile CD ya LAIVU KALI SANA niliandika hivi: tarehe imethibitishwa kwa mpangilio wa nyimbo na maneno ya muimbaji kuhusu mvua, wimbo wa 6, dakika ya 5 na sekunde 40.